Kupe wa Majira ya Baridi na Mnyama Aitwaye Musi

Natumaini mwenyekiti wa kila kikundi amekwisha kuwasha taa, na kila mmoja ana daftari na penseli, maana leo tutakuwa na hesabu kidogo. Somo letu linahusu mdudu ambaye hakuna mfugaji asiyemjua, yaani kupe. Lakini kupe tutakayemsoma hayuko kwetu. Tutakwenda kumtafuta mbali sana, kaskazini ya Marekani na katika nchi ya Kanada, ndani ya misitu ya theluji, juu ya mgongo wa mnyama ambaye wengi wenu hamjapata kumwona hata katika picha.

Kwa nini twende mbali hivyo? Kwa sababu huko kupe wamefanya jambo ambalo mfugaji wetu ye yote angesita kuliamini. Wameua ndama wengi mno wa mnyama mkubwa wa porini, wala si kwa kuwaambukiza ugonjwa, bali kwa kunywa damu yao tu. Tena wataalamu waliolichunguza jambo hili wamefika mahali pagumu, wakalazimika kuuliza kama njia ya kuwaokoa wanyama hao ni kuwapunguza kwa bunduki. Nataka tufike pamoja mpaka kwenye swali hilo, lakini kwanza tuwajue wahusika wenyewe.

Mnyama huyu jina lake latoka kwa wenyeji wa asili wa pwani ya mashariki ya Marekani. Waabenaki, kwa mfano, walimwita mos, na Waingereza waliohamia huko wakalichukua jina hilo hilo kwa matamshi yao. Sisi katika somo hili tutamwita musi. Yeye ni wa ukoo wa wanyama ambao madume yao hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine, na katika ukoo huo wote hakuna mkubwa kumshinda. Ukisimama karibu na dume lililokomaa, bega lake laweza kukupita kichwa. Uzito wake hufika kilo 400, 500 na hata zaidi. Miguu yake ni mirefu kana kwamba amepanda juu ya magongo, pua yake imening'inia, na pembe za dume zimetanuka kama sinia mbili. Si mnyama mzuri wa sura, lakini watu wa huko humpenda sana, humwinda, hula nyama yake, na wageni hulipa fedha ili waonyeshwe alipo.

Wakati wa kiangazi musi hula majani na mimea ya majini. Wakati wa baridi majani yote yamepukutika na maziwa yameganda, naye hula vijiti na magome ya miti. Andikeni jambo hili la chakula katika daftari, litatufaa baadaye. Ndama huzaliwa mwezi wa Mei au Juni, na kufika Januari amekwisha kuwa na kilo kama 150, lakini bado anafuatana na mama yake, na baridi ile ndiyo ya kwanza maishani mwake.

Sasa tumwangalie kupe. Mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Packard, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi, mwaka 1869. Jina lake la Kilatini ni Dermacentor albipictus, na hilo neno la pili maana yake ni aliyepakwa rangi nyeupe, kwa kuwa mgongoni ana madoa meupe-meupe. Wenyeji humwita kupe wa majira ya baridi, nasi tutamwita kupe wa baridi kwa kifupi. Binadamu humsumbua kwa nadra sana.

Ninyi mnaofuga ng'ombe mnamjua yule kupe aletaye ndigana kali. Kupe yule hupanda mnyama mara tatu katika maisha yake. Hupanda akiwa mtoto, akashiba akaanguka. Hupanda tena mnyama mwingine akiwa kijana, akashiba akaanguka. Hupanda mara ya tatu akiwa mzima. Ndiyo sababu aweza kuchukua ugonjwa kwa ng'ombe mmoja na kuupeleka kwa mwingine. Kupe wa baridi hana desturi hiyo. Yeye ni kama kupe wetu wa buluu: hupanda mara moja tu, na mnyama aliyempanda ndiye atakayekuwa nyumba yake na chakula chake mpaka mwisho. Basi tufuate maisha yake mwezi kwa mwezi.

Tuanze Juni. Kupe jike aliyeshiba ameanguka, amejificha chini ya majani makavu msituni, na hapo anataga mayai yake kwa maelfu, kisha anakufa. Mayai huanguliwa Agosti na Septemba. Watoto wanaotoka ni wadogo kama punje za mchanga, nao wana miguu sita tu, si minane kama wakubwa wao. Hawaruki, hawana mabawa, wala hawawezi kwenda mbali. Waliloweza ni moja, nalo ni kupanda. Hupanda shina la nyasi au kijiti cha kichaka mpaka kimo cha kiuno au kifua cha mtu, na hapo juu hukusanyika mamia kwa mamia, pengine kupita elfu, wameshikana miguu kama nyuki katika bumba. Hungoja. Musi akipita na kukipangusa kile kijiti kwa ubavu wake, hapandwi na kupe mmoja bali na bumba zima, maana yule aliyeshika manyoya huwavuta wenziwe.

Na kwa bahati mbaya kungoja kwao huangukia wakati mbaya kwa musi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yao ya kupandana. Madume hayatulii, yanazunguka huku na huku yakitafuta majike, na kila hatua yapita kichakani.

Kupe mtoto akisha kupanda hunywa damu, hubadili ngozi, akawa kijana mwenye miguu minane. Halafu hufanya jambo la ajabu: hulala. Novemba na Desemba, wakati huko nje kila kitu kimeganda, yeye yumo katika manyoya mazito yenye joto, hali wala hakui. Karibu na Januari huamka akaanza kunywa, akabadili ngozi tena akawa mzima. Machi na Aprili ndipo majike hunywa kwa nguvu, wakavimba mpaka kila mmoja akawa kama mbegu ya mbarika. Kisha huachia, huanguka, na Juni kazi inaanza upya.

Swali ambalo mwanafunzi mwenye akili atauliza hapa ni hili: kwani musi hasikii? Mbona hajikuni? Swali hilo ndilo lililowashughulisha wataalamu wa Kanada, hasa katika Hifadhi ya Elk Island huko Alberta, ambamo musi huishi pamoja na nyati wa Marekani na wanyama wengine wa ukoo wa pembe za kudondoka. Wote wanapita katika vichaka vile vile, lakini mwisho wa baridi wenzake wana kupe wachache, naye amejaa. Walipowatazama kwa saa nyingi waliona kwamba wale wengine hujilamba na kujitafuna manyoya mara kwa mara tangu majira ya majani kupukutika, hata kama hawawashwi, na hivyo huwaondoa kupe wangali wadogo. Musi hafanyi hivyo. Yeye hungoja mpaka awashwe, na kuwashwa huja Februari na Machi, kupe wakiwa wamekwisha kuwa wazima na wanywaji wakubwa. Hapo hujikuna kwa kwato, hujisugua mitini, hujitafuna, lakini amechelewa.

Wataalamu wengi hueleza kwamba musi ni mgeni katika bara lile. Alivuka kutoka Asia mwishoni mwa zama za barafu, na kupe huyu hakuwa adui wa mababu zake. Paa wa Marekani amekaa na kupe wa baridi kwa muda mrefu zaidi, akajifunza desturi ya kujisafisha. Maelezo hayo naona yana nguvu, ijapokuwa hakuna mtu aliyekuwako kushuhudia.

Kujikuna huko kuna hasara yake. Unywele wa musi ni mrefu na una uwazi ndani kama mrija, na ndio unaomkinga na baridi. Akijisugua, nywele zinakatika, na kile kipande kinachobaki karibu na ngozi ni cheupe. Basi mnyama aliyekuwa wa rangi ya kahawia nzito huonekana Aprili amekuwa mweupe mabegani na shingoni, mahali pengine ngozi tupu, mbavu zimetokeza, anatembea polepole kama mgonjwa. Watu wa huko humwita musi mzuka. Profesa William Samuel wa Chuo Kikuu cha Alberta, aliyemchunguza kupe huyu kwa miaka mingi, alichapisha kitabu chake mwaka 2004 na kukipa jina lenye maana hiyo hiyo ya mweupe kama mzuka.

Nimemtaja Profesa Samuel, basi niwaeleze namna yeye na wenziwe walivyohesabu kupe, maana ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote katika habari hii. Huwezi kuhesabu kupe juu ya musi aliye hai, wala hata juu ya musi aliyekufa, kwa kuwa manyoya ni mazito mno. Basi walichukua ngozi ya mnyama aliyekufa, wakaikata vipande, wakaiweka katika maji makali ya potashi. Potashi huyeyusha ngozi na nywele. Lakini gamba la kupe haliyeyuki. Baada ya muda vyote vimekwisha kuwa uji, kupe wamebaki. Unauchuja uji ule katika chekecheke, kisha unakaa mezani na kuhesabu. Fikirini subira ya kazi hiyo, na harufu yake! Lakini ndiyo iliyoleta hesabu za kweli mahali pa makisio. Ilionekana kwamba musi mmoja kuwa na kupe 30,000 si ajabu kubwa, na yule aliyepatikana na wengi kuliko wote huko Alberta alikuwa nao karibu 150,000.

Sasa chukueni penseli. Tuchukue ndama wa kilo 150. Mnyama wa namna hii ana damu ya kadiri ya 8 kwa mia ya uzito wake. Pigeni hesabu: 150 mara 8, gawanya kwa 100, mtapata 12. Basi ndama wetu ana kilo 12 za damu, tuseme lita 12, kwa kuwa lita ya damu ni zaidi kidogo tu ya kilo moja. Sasa tuseme ana kupe majike 10,000 tu wanaofika kushiba, na kila jike hunywa mililita moja, ambayo ni kipimo cha chini. Elfu kumi mara mililita moja ni lita 10. Lita 10 katika lita 12! Bila shaka hazitoki siku moja. Hutoka katika majuma machache ya mwisho wa baridi, na mwili hutengeneza damu nyingine kadiri unavyoweza. Lakini hutengeneza kwa kitu gani? Fungueni daftari mahali mlipoandika habari ya chakula. Damu hujengwa kwa vyakula vya kujenga mwili, na ndama huyu anakula vijiti na magome. Basi anayeyusha nyama ya mwili wake mwenyewe ili apate damu, na damu hiyo kupe wanainywa. Hufa Machi au Aprili, majani mapya yakiwa yamebakiza majuma machache tu kuchipua.

Haya yalijulikana kwa makisio na kwa mizoga iliyookotwa. Lakini mtu angeweza kubisha akasema, wale waliookotwa ni wachache, pengine wengi walipona. Ili kumjibu mtu huyo ilibidi kazi nyingine ifanywe, nayo ilifanywa katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, katika majimbo ya Maine na New Hampshire, yanayopakana na Kanada. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, pamoja na Profesa Peter Pekins, walishirikiana na idara za wanyama za majimbo hayo. Mwezi wa Januari musi walitafutwa kwa helikopta, wakarushiwa wavu kutoka angani, wakafungwa ukanda shingoni wenye chombo kidogo cha redio, wakaachiwa. Chombo kile hutuma habari kwa njia ya setilaiti. Kama mnyama hajasogea kwa saa kadhaa, hutoa ishara maalumu, na wachunguzi hufunga viatu vya theluji, wakaenda upesi kuupasua mzoga kabla haujaharibika.

Kwa majira matatu ya baridi, mwaka 2014, 2015 na 2016, walifuata hivyo ndama 179. Kati yao walikufa 125. Gawanyeni wenyewe, mtaona ni karibu 70 kwa mia. Kupe juu ya ndama waliokufa walikadiriwa kuwa kama 47,000 kwa kila mmoja, ukichukua wastani. Mizoga mingi ilikuwa haina mafuta hata katika uboho wa mifupa. Mwituni kufa kwa ndama si jambo geni, na mwaka mmoja mbaya husamehewa. Lakini miaka mitatu mfululizo ya namna hiyo maana yake ni kwamba kizazi hakifuatwi na kizazi. Tena majike wakubwa, ingawa wengi wao huokoka, hudhoofika, na majike waliodhoofika huzaa kidogo. Baadaye mambo hayakutulia: huko Maine, katika baridi iliyoishia mwaka 2022, ndama 70 walivalishwa ukanda katika wilaya moja, wakafa 60.

Niseme pia habari ya kisiwa cha Isle Royale, kilichoko katika Ziwa Superior, ambako musi na mbwa-mwitu wamehesabiwa kila mwaka tangu 1958. Mwaka 1995 musi wa kisiwani walikuwa kama 2,400, wengi kupita chakula chao. Ikaja baridi kali ya 1996, na kupe tele, na njaa. Na mwaka 1997 walibaki kama 500. Hapo hatuwezi kumtwika kupe lawama yote, lakini alikuwamo katika kundi la wauaji.

Ikiwa kupe huyu yuko tangu zamani, kwa nini amezidi? Kuna sababu mbili, na wataalamu hubishana kuhusu ipi yenye uzito, si kuhusu kuwapo kwake.

Ya kwanza ni hali ya hewa. Rudini kwenye yale mabumba ya watoto wa kupe yaliyoshikilia vijiti. Yatangoja mpaka lini? Mpaka theluji ya kwanza nzito na baridi kali, ambazo huwaua au kuwaangusha. Kama theluji inaanguka mapema, mlango unafungwa mapema. Ikichelewa majuma mawili au matatu, basi kwa majuma hayo yote musi wanaendelea kuchukua kupe. Na upande wa pili wa mwaka ni vivyo hivyo. Jike aliyeshiba akianguka Aprili juu ya theluji, aghalabu hufa asitage. Theluji ikiwa imekwisha kuyeyuka, huangukia majani makavu, akaishi, akataga. Nchi ile imekuwa ikipata joto, na majira yake ya baridi yanafupishwa huku na huku, kama nguo inayokatwa pindo mbili. Joto halisaidii kupe nyakati zote, kwani jua na ukavu wa mwisho wa kiangazi huwakausha watoto wake. Mwaka 2016 kulikuwa na ukame mkali New Hampshire, na baridi iliyofuata kupe walipungua na ndama wengi zaidi wakapona. Lakini hakuna mtu awezaye kupanga ukame.

Ya pili ni wingi wa musi wenyewe. Zamani misitu ya huko ilikatwa kwa mashamba na musi wakawindwa karibu kwisha. Baadaye mashamba yaliachwa, msitu ukarudi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mdudu mwingine alishambulia miti ya misonobari, wenye misitu wakakata maeneo makubwa, na katika maeneo hayo ikachipua miti michanga ambayo ndiyo chakula akipendacho musi. Mbwa-mwitu walikuwa wamekwisha kuuawa tangu karne ya 19. Basi musi wakazaana mno. New Hampshire, iliyokuwa na musi wa kuhesabika, ilifika zaidi ya 7,000 katika miaka ya 1990. Sasa fikirini kama kupe. Kila jike anayeanguka, huanguka pale musi alipolala au alipokula. Watoto wake hawaendi mbali. Je, musi mwingine atapita hapo Septemba? Kama musi ni wachache msituni, aghalabu hapiti mtu, na bumba zima linakufa likingoja. Kama ni wengi, atapita huyu au yule. Kupe wengi hutokana na musi wengi.

Nanyi mtaniambia, basi wapelekwe joshoni! Laiti ingewezekana. Musi hana josho, hana mchungaji, wala haji akiitwa. Dawa ikinyunyizwa msituni itaua wadudu wengine wasio na hatia, na mnyama akipakwa dawa, nyama yake huliwa na watu. Kuna ndege wa huko ambao hutua mgongoni mwa musi wakadonoa kupe, kama yule shashi wetu afanyavyo kwa ng'ombe na vifaru, lakini ndege wale hula wachache tu katika wingi ule.

Ndipo likaja lile swali gumu. Kama wingi wa musi ndio unaolisha kupe, na hali ya hewa haimo mikononi mwa mtu, basi kilichobaki ni kupunguza musi. Afadhali wafe kwa risasi na nyama iliwe, kuliko wafe kwa kukaushwa damu Aprili bila faida kwa ye yote. Profesa Pekins na wengine walisema waziwazi kwamba musi wachache wenye afya ni bora kuliko wengi walio wagonjwa. Mwaka 2021 jimbo la Maine lilianza jaribio lililopangwa kwenda miaka mitano. Walichagua wilaya moja ya msitu wa kaskazini, wakaigawa mara mbili. Katika nusu moja walitoa vibali vingi vya kuwinda majike, na nusu ya pili wakaiacha iendelee kama kawaida, wakafunga kanda shingoni mwa musi pande zote mbili, ili kupe na vifo vilinganishwe.

Watu hawakukubaliana. Wawindaji wengine walifurahia vibali, wengine wakaona aibu kumpiga risasi jike. Waongozaji wa wageni walilalamika kwamba kazi yao inauawa. Wako waliosema: ndama wanakufa 60 katika 70, nanyi mwaongeza bunduki? Mimi naona lalamiko hilo lina haki yake, na halifai kuchekwa. Musi akipungua kwa kupe na tena kwa bunduki, na baridi zikizidi kuwa fupi, yawezekana wingi wenyewe usiwe tena ndio sababu, na hapo utakuwa umetoa dawa ya ugonjwa uliokwisha. Tena paa pia hubeba kupe huyu kidogo, kwa hiyo huwezi kummaliza kwa kupunguza musi peke yake. Lakini napenda namna walivyogawa wilaya. Mkulima akitaka kujua kama mbolea yafaa, hutia mbolea nusu ya shamba akaacha nusu. Asiyeacha nusu atabaki kubishana na majirani zake mpaka mavuno yajayo.

Kuna njia nyingine inayochunguzwa, na hii ina undugu na kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Vermont, jimbo la jirani, wachunguzi wamejaribu kuvu ya udongoni iitwayo Metarhizium dhidi ya watoto wa kupe wa baridi. Kuvu hii haihitaji kumezwa. Mbegu yake hugusa gamba la kupe, ikaota, ikapenya ndani, ikamla. Kuvu ya jamii hiyo hiyo imejaribiwa kwa miaka mingi dhidi ya kupe wa ng'ombe katika taasisi ya icipe ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya. Kazi kubwa iliyobaki kwa watu wa Vermont ni mahali pa kuitia. Chumbani, ndani ya kichupa, kupe wanakufa. Lakini msitu ni maelfu ya kilomita za mraba, na mabumba ya kupe yako hapa na pale kama sindano katika majani. Basi kabla ya kunyunyiza ni lazima kujua kupe hujikusanya wapi zaidi, na kwa hiyo wale wanyama wenye kanda za redio wanatoa msaada wa pili: huonyesha musi walipolala Aprili na mahali wanapopita Septemba. Njia hizo mbili zikikutana mahali pamoja, hapo ndipo kuvu ingefaa kutiwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi, mwenyekiti atawagawa pande mbili. Upande mmoja mtakuwa baraza la wilaya ile ya Maine linalotaka vibali viongezwe, upande wa pili mtakuwa waongozaji wa wageni na wawindaji wanaopinga. Kila upande useme ungetaka kuonyeshwa hesabu gani kutoka nusu mbili za wilaya kabla ya kubadili shauri lake, na katibu aandike. Na wale wenye ng'ombe, kesho asubuhi mchungulieni mmoja chini ya mkia na ndani ya masikio, mhesabu kupe mtakaowaona kwa dakika tano, mje na hesabu hiyo juma lijalo, maana tutaihitaji tutakaposoma habari ya kupe wa buluu. Kwaherini.